Mkono wa Oreste kwenye Maji ya Jibini

Montefalda, 9 Februari 2004

Dada Norina,

Natumaini soksi za sufu zimekufikia kabla ya barua hii. Iole amezifuma wiki tatu nzima huku akinilaumu mimi kwamba monasteri yenu haina moto. Nimemwambia moto mnao, ila mnaona haya kuuwasha. Huku theluji imefika usawa wa madirisha ya chini. Binti yetu Loretta anatarajia mtoto mwezi wa nane, na mpaka sasa aliyenenepa ni mumewe. Ng'ombe wamepunguza maziwa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini sufuria langu la shaba linajaa kila asubuhi, Jumapili na sikukuu, kama wakati wa baba.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Mkono wangu wa kushoto umekuwa mweusi kuanzia kiwiko hadi karibu na saa ya mkononi.

Unajua damu natoa tangu nilipokuwa jeshini. Mwaka huu chama chetu cha watoa damu kimetuomba baadhi yetu tutoe plazma, yaani yale maji ya damu yasiyo na wekundu, maana hospitali zinayataka kwa kutengenezea dawa. Fermo wa kiwanda cha jibini cha bondeni ameshatoa mara ishirini na saba, na kila Jumapili baada ya misa anaitaja hiyo ishirini na saba kabla hata hajaagiza kahawa. Basi nikaenda. Wakanilaza kwenye kiti, na kiti cha pembeni yupo nani? Fermo. Mashine ikavuta damu, ikatenga, ikanirudishia wekundu wangu, ikavuta tena. Mara ya tatu iliporudisha nikahisi mkono unawaka, kama mtu ananimiminia kitu chini ya ngozi. Ningesema. Lakini Fermo alikuwa anasoma gazeti huku anapiga mluzi, dada. 

Nesi Mirella alipopita akaona mkono umeumuka kama unga wa mkate. Akazima mashine, akaniuliza kwa ukali, "Bwana Oreste, ulikuwa unangoja nini kuniita?" Fermo akajibu kwa niaba yangu: "Mwache, alikuwa anaongea na jibini lake."

Iole alipouona mkono alikaa chini kwanza ndipo akaanza kunigombeza. Kwenye baa wanasema mke wangu ananipiga. Yeye hakanushi.

Basi, nimejaribu na imetosha. Damu ya kawaida nitaendelea kutoa, plazma simo tena. Mikono hii ndiyo inayoinua jibini la familia kumi na nne zinazoniletea maziwa. Nakuandikia ili upate cha kuchekea huko mliko kimya.

Mdogo wako,
Oreste


Collepiano, 21 Februari 2004

Mdogo wangu Oreste,

Soksi zimefika na zimenikaa vizuri. Mwambie wifi yangu kwamba Mama Mkuu amezitazama mara mbili, na mara ya pili nilivuta miguu ndani ya joho. Nimefurahi mno kwa ajili ya Loretta. Hapa tumebaki kumi na mmoja, mafua yamepita nyumba nzima, mimi pia kidogo, si kitu. Mizeituni imestahimili baridi.

Barua yako nimeisoma mara nne, na sikucheka, au nilicheka pale kwa Fermo tu.

Sasa nieleze vizuri, maana umeandika kama mtu anayekimbilia basi. Uweusi huo ulianza siku ileile au kesho yake? Ulikuwa pale penye sindano tu ukashuka, au ulitokea mkono mzima kwa pamoja? Ukibonyeza kwa kidole panarudi au panabaki shimo? Kingo zake zimeshaanza kuwa kijani? Na hiyo mashine, inatengaje wekundu na maji, kwa kuchuja au kwa nini? Plazma yako umeiona kwa macho? Ina rangi gani? Inanuka? Walikuambia inakwenda wapi?

Barua hii itakapofika, wakati wa barafu utakuwa umepita. Barafu ni ya siku ya kwanza, iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano kisha unapumzisha ngozi. Sasa weka kitambaa cha uvuguvugu, mara mbili tatu kwa siku. Usisugue, hata kama panawasha. Aspirini usiiguse, inazidisha kuvuja. Ukiumwa meza paracetamoli. Damu iliyovilia itashuka kuelekea kiganjani, usiogope, inafuata mteremko kama maji yoyote. Lakini vidole vikifa ganzi, au pakivimba upya na kuwa pagumu, mpigie Mirella siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, Oreste, si baada ya kumaliza jibini.

Na kuhusu kwamba hutarudi, nakuomba usiamue bado. Ngoja kwanza mkono upone. Niandikie rangi zake.

Dada yako,
Norina


Montefalda, 7 Machi 2004

Dada,

Huku wote wazima. Loretta ameanza kutapika, kwa hiyo sasa mumewe anapika na wote wawili wanakonda. Iole amefurahi kuhusu soksi na ameanza jozi nyingine, ya rangi ya kahawia, ili Mama Mkuu asizione. Barabara ya juu imefunguliwa juzi.

Haya, rangi ulizotaka. Siku ya kwanza nyekundu. Siku ya pili zambarau ya biringanya. Siku ya nne ilishuka hadi kwenye kifundo cha mkono, nikadhani naoza. Siku ya saba kingo zikawa kijani cha majani yaliyochemshwa. Siku ya kumi manjano. Leo imebaki kama kivuli cha mtu asiyeoga vizuri. Ukibonyeza panarudi. Vidole vyote vinafanya kazi, nimemwonyesha Iole kidole kimoja akanirushia mwiko.

Mashine haichuji. Damu inaingia kwenye kikombe kinachozunguka kwa kasi, kizito kinakimbilia pembeni na chepesi kinabaki, kinatoka kwa mrija hadi kwenye chupa iliyoning'inia. Na rangi yake, dada, hutaamini: ni rangi ya maji ya jibini. Yale ya mwezi wa tano, ng'ombe wakiwa wameshaanza kula majani mabichi, yanapobaki kwenye sufuria baada ya kutoa donge la maziwa yaliyoganda. Nilitaka kumwambia Mirella nimelala hapa nimegeuzwa jibini. Yote inakaa kwenye chupa moja, nzuri kabisa, ina uvuguvugu ukiigusa. Haina harufu. Inakwenda kiwandani kugandishwa, halafu sijui.

Sasa mimi niulize moja tu. Mtawa aliyekaa nyuma ya wavu wa chuma unaowatenga na wageni miaka ishirini na tisa amejuaje tofauti ya kitambaa cha baridi na cha uvuguvugu, na habari za aspirini, na ganzi ya vidole? Mirella alinipa karatasi yenye maneno hayohayo, nikaitupa. Nilipoisoma barua yako Iole akasema, "Dada yako angekuwa nesi angemaliza wagonjwa wote, wangepona kwa kuogopa."

Umeuliza maswali mengi hivi kwamba nimeona aibu kuyajibu nusu. Labda nirudi mara moja, nikuangalizie vizuri. Labda.

Oreste


Collepiano, 16 Machi 2004

Mdogo wangu,

Salamu kwa Iole, kwa Loretta na kwa mkwe anayekonda. Sisi tumepanda vitunguu. Sista Tecla anayetunza wagonjwa wetu aliwahi kuwa nesi kabla ya kuingia utawani, ndiye mwalimu wangu. Basi hilo limekwisha.

Maji ya jibini! Nilikaa na hiyo barua kanisani, Mungu anisamehe, nikaisoma ndani ya kitabu cha zaburi. Sikujua kama ni nzuri hivyo.

Ukirudi, na ulisema labda, nisikilize. Anza kunywa maji tangu jana yake, mengi, divai haihesabiwi. Mpe Mirella mkono wa kulia, ule wa kushoto upumzike. Ukihisi kuwaka au kuuma, sema hapohapo, hata kama amelala pembeni yako askofu. Sindano ikitoka, kandamiza pamba kwa vidole vitatu dakika kumi, mkono ukiwa umenyooka. Usikunje kiwiko. Najua wanaume wote hukunja kiwiko na kutembea hivyo kama kuku mwenye bawa bovu. Ndivyo damu inavyotafuta njia ya chini ya ngozi. Bandeji isitoke mpaka jioni. Na mkono huo usiinue kitu mpaka kesho. Sheria inakupa siku nzima ya mapumziko yenye mshahara kila unapotoa. Umetoa damu tangu jeshini, na siku hiyo hujawahi kuichukua hata mara moja, najua.

Nieleze yote. Safari hii nataka kujua na mlio wa mashine.

Norina


Montefalda, 2 Mei 2004

Dada,

Loretta mzima, mtoto anapiga teke. Iole anaumwa jino. Majani yamechipua, maziwa yamekuwa mengi kuliko nguvu zangu. Wewe mbona kimya? Nilikuandikia kadi ya Pasaka na sikupata jibu. Iole anasema mko kwenye mafungo. Sawa, lakini mafungo ya wiki sita?

Nilirudi tarehe ishirini mwezi uliopita. Kwa ajili ya maswali yako, ujue, si kwa sababu nyingine. Mashine inalia kama paka anayelala juu ya redio. Nilikunywa maji mpaka nikachoka kusimama nyuma ya ghala. Nikampa Mirella mkono wa kulia. Sindano ilipouma kidogo nikasema kwa sauti, akaja, akaisogeza, ikaisha. Fermo akashusha gazeti akanitazama kama nimezungumza Kichina. Ilipokwisha nikakandamiza pamba dakika kumi, mkono umenyooka. Mirella akaniambia, "Leo nimekupenda." Nilitoka pale najiona bingwa.

Nilifanya kila ulichosema. Karibu kila kitu.

Kesho yake mkono wa kulia ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Kutoka juu ya kiwiko hadi kwenye vidole, dada, umevimba na wa moto. Siku nne sikuweza kushika mwiko wa kuinulia donge. Donge ni zito kuliko mimi na Iole pamoja, na Iole mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa pili wa mwiko, jino likimuuma. Magurudumu mawili ya jibini yamepasuka kwa sababu tuliyakamua vibaya. Familia kumi na nne zilinitazama bila kusema, na hilo ni baya kuliko wangesema.

Kwa hiyo sasa ni basi ya kweli. Iole amechukua kadi yangu ya mtoaji plazma ameitia kwenye jiko. Sikumzuia. Najua umefurahia habari hizi na ninasikitika kukunyima, lakini mimi ni mtu wa mikono miwili na nimeshaiharibu yote kwa zamu.

Andika, hata mstari mmoja.

Oreste


Collepiano, 11 Juni 2004

Oreste mpendwa,

Usishangae mwandiko. Mkono wangu umechoka kidogo, Sista Tecla ananishikia kalamu na anaandika ninachosema. Nisamehe kwa ukimya. Nawasalimu wote. Jino la Iole limeng'olewa? Loretta anakula?

Nimeambiwa nisiseme mengi, kwa hiyo nitauliza moja tu. "Karibu kila kitu" ndiyo nini?

Namkumbuka baba. Akiumia mkono, akiteguka, akikatwa na waya, alifanya jambo lilelile, na babu alifanya hivyo kabla yake, na hakuna mtu wa mabonde yetu asiyelijua. Anaukunja mkono wa shati, anautumbukiza wote kwenye pipa la maji ya jibini ya asubuhi, yakiwa bado moto, anakaa humo mpaka yapoe. Oreste, ulitia mkono kwenye maji ya jibini? Lini? Siku ya pili, au siku ileile?

Kama ni siku ileile, basi kosa si la sindano, wala la Mirella, wala la mkono wako. Na hiyo kadi inaweza kuandikwa upya.

Norina


Montefalda, 19 Juni 2004

Dada,

Jino limeng'olewa. Loretta anakula kwa ajili ya watatu. Salamu zimetosha.

Ndiyo, nilitia. Siku ileile. Nilifika kutoka hospitali saa saba, maji ya asubuhi yalikuwa bado kwenye pipa yakingoja kupelekwa kwa nguruwe, mazuri, moto. Nikajiambia safari hii sisubiri kuumia, naanza dawa mapema. Nikatoa bandeji, nikatumbukiza mkono hadi begani, nikakaa humo karibu saa nzima nikiimba. Nimekwenda kumwambia Mirella. Alifunika uso kwa mikono miwili, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mshipa umetobolewa saa mbili zilizopita," akasema, "halafu unaupikia supu." Anasema joto linafungua kile ambacho mwili unajaribu kuziba. Baada ya siku mbili ningeoga humo nitakavyo, lakini si siku ile. Nimemuuliza Fermo kama na yeye aliwahi. Ameniambia mara ya kwanza na ya pili, na hajamwambia mtu. Na mimi nimekuambia wewe tu.

Hilo limekwisha. Sasa zamu yangu.

Mkono wako umechoka kwa kufanya nini? Kwa kusali? Mwandiko wako naujua tangu uliponifundisha kuandika jina langu, na hujawahi kushikiwa kalamu na mtu. Wiki kumi na mbili hukuandika. Halafu unarudi na jambo unalouliza ni mkono wangu. Tangu mwezi wa pili unaniuliza rangi, uvimbe, sindano, chupa, inakwenda wapi. Nilifikiri unachoka na ukimya wa huko. Iole hakufikiri hivyo. Jana alizipanga barua zako mezani akazisoma zote kwa mfululizo, akaniambia, "Oreste, huyu haulizi habari za mkono wako."

Basi anauliza nini? Nijibu wewe, kwa mkono wako. La sivyo nitakuja hapo langoni na gari la maziwa.

Oreste


Collepiano, 27 Juni 2004

Mdogo wangu,

Leo naandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto una sindano. Msalimu Iole na umwambie ana akili kutuzidi sisi wawili. Habari za familia nitaanza na zangu, kwa kuwa ndizo nilizoficha.

Damu yangu haitengenezi kinga inayotosha. Waligundua miaka miwili iliyopita, baada ya nimonia ya tatu. Kila mwezi nalala kwenye kitanda cha chumba cha wagonjwa, Tecla anatundika chupa, na dawa inanishukia tone kwa tone kwenye mshipa asubuhi nzima. Dawa hiyo haitoki kwenye mmea. Inatoka kwenye plazma ya watu, maelfu ya watu kwa chupa moja, wote wamekunja shati kama wewe. Mwezi wa nne chupa zilichelewa wiki tano. Kifua kikaniwahi, nikalazwa hospitali mpaka mwanzo wa mwezi huu. Ndiyo sababu ya ukimya.

Na sasa unajua nilikojifunza habari za kitambaa. Mishipa yangu ni myembamba na inakimbia sindano. Hakuna rangi uliyoniandikia ambayo sijawahi kuwa nayo.

Hukuambiwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wewe. Siku uliyonileta hapa kwa gari la maziwa ulikuwa na miaka kumi na tisa, baba alikataa kuja, na langoni ukaniambia: "Siku utakayougua humo ndani nitauvunja huo wavu nikutoe, hata kama hutaki." Nilijua hutanii. Mimi nataka kubaki hapa, Oreste. Hata nikiwa mgonjwa. Hasa nikiwa mgonjwa. Hii ndiyo nyumba yangu na hawa ndio wanaonijua nikikohoa.

Ya pili ni aibu. Barua yako ya kwanza ilinikuta chupa imetundikwa juu yangu. Nilisoma kwamba umetoa plazma, nikaitazama chupa, na nilifurahi kama mtoto. Halafu nikasoma kwamba hutarudi, nikaogopa. Sikuogopa kwa ajili yako. Niliogopa watu wote wenye mikono iliyovilia damu wanaosema basi. Ningekuambia, ungekwenda kwa ajili yangu, na sikutaka hivyo. Kwa hiyo nikauliza maswali. Mengi niliyauliza kwa sababu kweli nilitaka kujua; nimewekewa kitu hicho mwilini miaka miwili na sikuwahi kumpata mtu wa kunieleza kinatokaje. Lakini chini yake nilikuwa nakuomba, barua baada ya barua, bila kukuambia naomba nini. Hiyo si haki. Nimeungama, na padri ameniambia toba yangu ni barua hii.

Usiende kwa ajili yangu. Ukiona mikono yako ni ya jibini tu, nitakupenda vilevile.

Norina


Montefalda, 18 Julai 2004

Dada,

Iole anakusalimu huku analia. Loretta anakusalimu akiwa amekaa, hasimami tena. Wengine wote wazima.

Nilikukasirikia siku tisa. Miezi mitano mimi nakueleza rangi za mkono wangu kama mpumbavu, biringanya, majani yaliyochemshwa, na wako umelala pembeni ya karatasi umechomwa, na hukusema neno. Nilipiga ndoo teke hadi kwa nguruwe. Iole aliniacha nimalize, kisha akaniambia, "Ungemfanyaje angekuambia?" Nikamwambia ningekwenda kumtoa. "Haya," akasema.

Jumanne iliyopita nikaenda kwa Mirella, nikaomba kadi mpya. Nilipolala kwenye kiti nikamwambia kwa sauti ya chini hii iende Collepiano, kwa Sista Norina, nimeandika jina kwenye karatasi hapa. Akaisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia. Akasema haiwezekani. Inachanganywa na ya maelfu, inakaa miezi mingi kabla ya kuwa dawa, na itakwenda popote panapohitajika. "Hata chupa moja?" nikauliza. "Bwana Oreste," akasema, "ukimkatia mtu kipande cha jibini, unaweza kumwonyesha maziwa ya ng'ombe yupi?" Familia kumi na nne, sufuria moja. Siwezi.

Nikabaki pale, shati limekunjwa, sijui tena nimefuata nini. Nilikuja kwa ajili yako na nimeambiwa haitafika kwako. Nilishusha mguu mmoja chini niondoke. Fermo alikuwa kwenye kiti chake, na gazeti lake. Nikamuuliza, "Wewe, mara zote hizo ulizotoa, humpa nani?"

Akashusha gazeti. "Nitajuaje?" akasema. "Mtu." Akalipandisha tena.

Miaka yote hii nimemwona mpuuzi. Inawezekana kabisa, dada, kwamba ndani ya chupa zako mojawapo yumo Fermo. Nilipomwambia Iole hivyo alicheka mpaka akashika meza. Nikarudisha mguu kitini, nikampa Mirella mkono. Kuna mtu ana dada yake mahali fulani, na hamjui Oreste.

Nimekandamiza pamba dakika kumi. Nimechukua siku yangu ya mapumziko, ya kwanza maishani, sikujua la kuifanyia, nimekaa kwenye benchi nikitazama mlima. Pipa la maji ya jibini nilipita mbali nalo. Leo ni siku ya tano, na pamebaki doa la sindano tu, dogo kama chembe ya pilipili manga. Nitarudi mwezi ujao, na unaofuata.

Sasa la mwisho. Jumapili ijayo Fermo atapanda huku saa kumi na moja alfajiri kunipikia jibini. Nimempa ufunguo na nimemwonyesha sufuria linapenda moto wa namna gani. Tangu baba aliponiachia, hakuna mtu mwingine aliyewahi kupikia humo, na sijui kama usiku wa Jumamosi nitalala. Nitafika kwenu saa nne. Nitakaa upande wangu wa wavu. Usijifunike mkono, wala Tecla asiufunike. Nataka kuuona kama ulivyo.

Ninakuja kukuona tu. Sitakutoa.

Mdogo wako,
Oreste